Jeneza Nililobeba Bila Kuuliza

Ndugu zangu, aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaipata kwa watu wa barazani, maana wao wamekwisha kuitia sukari na iliki, kila akiisimulia mtu inazidi utamu, na anayeuza halua mtaani ni mimi, si wao.

Nami nakubali, niliaibika. Mimi Athmani napika halua hapa Amu, na mtu yeyote aliyewahi kukoroga halua atakwambia kuwa ukiacha mwiko kidogo tu imeshika chini na hasara ni yako. Basi siku ile simu ililia nikiwa mbele ya sufuria, nikaitazama kwa pembe ya jicho nikaona ni Nuru, binti wa marehemu ndugu yangu Omari, amenitumia sauti, na sauti za Nuru ni ndefu (huanza kwa salamu, aulizie shangazi zake wote, asahau alilotaka kusema, kisha alikumbuke na kuanza upya). Nikasema nitaisikiliza baadaye, nikaendelea kukoroga. Kosa langu ni hilo tu, mengine yote yalizaliwa humo.

Nuru alikuwa na mchezo wake katika lile tamasha dogo la maigizo, lile la kuchezea ndani ya nyua za nyumba za watu, watazamaji wachache juu ya mikeka, wageni wakipiga makofi na sisi wa hapa tukijibizana na waigizaji. (Kuna mchezo mmoja wa mume aliyeficha mke wa pili, Bi mmoja akasimama nyuma kule akamwambia yule mke wa kwanza, "Mwanangu, tazama jikoni, yuko huko," na mchezo ukaisha kabla haujafika nusu.) Mchezo wa Nuru ulikuwa wa babake. Omari alifanya kazi Arabuni miaka mingi, akafia huko, akazikwa siku ile ile na watu tusiowajua, sisi tukapata habari kwa simu. Hapa tulimsomea hitima, tukamsalia sala ya ghaibu, lakini hakuna bega la Amu lililomchukua. Mjane wake, Bi Rukia, tangu siku hiyo hakutoa chozi mbele ya mtu, na ukimpa pole husema, "Omari yuko kazini." Nuru aliutunga mchezo kwa ajili ya mamake, autazame, alie, apoe. Aliniambia hivyo kwa mdomo wake, nami nikamwahidi nitakuja.

Baada ya alasiri nikavaa kanzu safi, nikashika njia kwenda ile nyumba niliyotajiwa mwanzo. Kumbe nyumba ilikuwa imebadilishwa, wamehamia ubavuni kwa Bwana Mselem, na habari hiyo imo ndani ya sauti nisiyoisikiliza. Na Bwana Mselem naye alikuwa mgonjwa sana, mtaa mzima unangoja habari yake. Basi njiani napita mlangoni kwake, naona jeneza linatoka, limefunikwa kitambaa cha kijani, vijana wanne chini yake wanasoma kalima kwa sauti ya chini. Milango ile imekaribiana, mimi sikutazama limetoka upi. Nikasema inna lillahi, mzee amekwisha.

Watu wa barazani walikuwa wanakodoa macho tu. Nanyi mnajua kwetu, jeneza likipita hukai. Humjui maiti, mligombana na maiti, unainuka unatia bega japo hatua chache, ndiyo haki yake ya mwisho. Nikawaambia, "Bwana Mselem huyo, inukeni," nikatia bega langu mbele.

Wakainuka. Kijana mmoja akaniambia, "Ami Athmani, ngoja," nikamkata, "Nyamaza, mche Mungu, hapa si mahali pa maneno," akanyamaza (amelelewa vizuri, maskini). Na jeneza hupokezanwa, huyu anatoka yule anaingia, kabla hatujafika kona ya kwanza wale vijana wamesukumwa mwisho kabisa na jeneza lao linakwenda na mtaa. Nilimsikia mmoja nyuma huko akilalama, "Nipisheni ndia." Hakuna aliyempisha.

Mimi nilikataa kupokewa. Lilikuwa jepesi mno, nikajiambia maradhi yamemla mzee wa watu hata hakubaki kitu, kisha sijui ilikuwaje, nikamkumbuka Omari, nikawaza kule ni nani waliomtilia bega, walikuwa wangapi, walilijua jina lake au walimwita tu yule Mswahili, na machozi yakanitoka, nikalia njia nzima kwa kwikwi, mtu mzima na ndevu zangu. Watu wakashangaa, maana mimi na Bwana Mselem hatuna udugu, tena aliwahi kuitukana halua yangu hadharani.

Tukafika msikitini, imamu akauliza maiti ni nani. "Bwana Mselem," nikajibu, siwezi hata kusema vizuri. Sasa Ali, mtoto wa Bwana Mselem, alikuwa pale pale anatawadha. Akainuka maji yanamtiririka mikononi. "Babangu? Nimemwata nyumbani akinwa uji."

Imamu akainua pembe ya kitambaa. Hamna maiti. Kuna kikoi kilichokunjwa, na juu yake kofia, na kofia ile naijua, aliishona mama yetu kwa mkono wake Omari alipokuwa anaoa. Mtu mmoja akacheka, wengine wakaanza kuulizana, na mimi nimesimama katikati, pua inatoka kamasi.

Nuru akafika anahema. "Ami, si nilikutumia sauti uwaambie watu wa barazani wakae? Lilikuwa lizunguke mtaa lirudi hivi hivi, bila mtu kuinuka. Hakuna aliyemwinukia baba. Mchezo wenyewe ndio huo."

Imamu alisema kwa upole, lakini alisema: jeneza lisitoke tena kwa mchezo. Na mchezo wa Nuru bila jeneza si kitu.

Nikaichukua ile kofia, nikarudi nayo na Nuru mpaka ule ua wa mchezo. Watazamaji bado wamekaa mikekani wanangoja mwisho. Wageni waliponiona naingia nalia, kofia mkononi, wakapiga makofi. Nikawaambia, "Mimi si mwigizaji." Wakazidi, na mmoja akasimama kabisa. Ndugu zangu, mtu kupigiwa makofi kwa msiba wake, hilo halina dawa, unatamani ardhi ipasuke ikumeze.

Bi Rukia hakupiga makofi. Aliniuliza, "Shemeji, mmempeleka wapi?"

"Msikitini."

"Nani walomchukua?"

Nikaanza kuwataja, mmoja mmoja, niliowakumbuka wote, mpaka yule muuza samaki ambaye Omari hakuelewana naye hata siku moja.

"Hata yeye?"

"Hata yeye, Bi Rukia."

Akaipokea kofia, akaiweka usoni, akalia kama mtu aliyefiwa saa ile. Wanawake wakamzunguka, na makofi yakakoma yenyewe.

Mtasema basi si alilia, si ndicho alichokitaka Nuru. Nami nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Mama ameulilia uongo wako, ami, si ukweli wangu." Mchezo haukuchezwa tena. Siku hizi sauti zake nazisikiliza mpaka mwisho, halua na iungue, ila sasa zimekuwa fupi: "Ami, mama hajambo." Basi.

Na barazani, kila likipita jeneza, lazima mmoja aniulize, "Bwana Athmani, humo mna mtu?" Nikaapa sitainuka tena mpaka niulize kwanza ni nani. Kisha Bwana Mselem akafariki kweli, Mungu amrehemu, jeneza likatoka, na watu wote wakanitazama mimi, wanangoja. Nikainuka bila kuuliza. Lilikuwa zito. Nikalia tena njia nzima, na safari hii kila mtu alidhani namlilia Bwana Mselem.