Tulipu Fupi ya Efrazia

Efrazia, fundi cherehani wa Hale, hawezi kuona chombo kitupu akakiacha. Kopo la rangi, sufuria iliyotoboka, beseni lililopasuka, vyote hujazwa udongo na kupandwa maua. Kuna asubuhi mumewe, Dunstan, aliamka akakuta buti zake za shamba zimepandwa waridi.

"Zilikuwa zimetoboka," alisema Efrazia.

"Moja tu," alisema Dunstan.

Mwaka jana Angel, binti wa kaka yake Efrazia, alikuja likizo kutoka Uholanzi anakofanya kazi. Alileta mfuko wa vitu vilivyofanana kabisa na vitunguu.

"Shangazi, haya ni maua ya tulipu. Kule huchanua baridi ikiisha. Huku itabidi uyadanganye. Yaweke kwenye friji miezi mitatu, yadhani ni kipupwe, ndipo uyapande. Na matunda yasikae humo, yatayaharibu."

Friji yao ni ndogo. Tulipu zikapewa rafu ya katikati, mapapai yakafukuzwa. Dunstan, ambaye hapendi kitu kingine kama papai la baridi baada ya chakula, akawa analila la moto huku ameikazia friji macho.

"Mama Ritha," alisema siku moja, "nilipokuoa nilijua nitashindana na wanaume. Vitunguu sikuvitegemea."

Mwezi wa saba, hewa ilipopoa kidogo, Efrazia alivipanda nyuma ya nyumba, penye kivuli. Kila mchana alivimwagia barafu iliyopondwa. Majirani walimwuliza Dunstan, kwa sauti ya chini, kama mkewe yu mzima.

"Yeye mzima," alijibu. "Udongo ndio una homa."

Majani yalitoka mengi. Ua likatoka moja. Lilikuwa jekundu, zuri kupita yote aliyowahi kuyaona, ila halikuwa na shina. Lilichanua hapo hapo ardhini, limebanwa na majani, kama mtu aliyezama kwenye matope akabaki kichwa. Efrazia alimpigia Angel simu ya video, naye Angel akacheka mpaka simu ikamdondoka.

"Shangazi, baridi haikulitosha. Limekosa shingo."

"Hata mimi sina shingo," alisema Efrazia, "na niliolewa."

Habari zikaenea. Watu wakaja kuliona ua la Ulaya, lakini ukisimama ulikuwa huoni kitu ila majani. Kuliona vizuri ilibidi ulale kifudifudi. Efrazia akatandika mikeka. Jumapili, baada ya ibada, akaja Mchungaji Mikaeli na wazee wa kanisa. Walivua makoti, wakalala kwa mstari, videvu mchangani, kimya. Efrazia naye akalala pembeni ili awaelekeze.

Hapo ndipo alipoingia Salaash, mfugaji wa Handeni anayewaletea maziwa. Alikuta kanisa zima limelala chini, mchungaji katikati. Dumu likamponyoka.

"Mama," aliita, "mmekula nini?"

Hakuna aliyejibu, maana Mchungaji alikuwa amewaomba watulie kidogo. Salaash akachukulia wamekwisha. Alikimbia hadi barabarani akipiga yowe, akarudi na nusu ya mtaa, wengine na ndoo za maji, mmoja na machela. Mzee wa kanisa aliyekuwa mwisho wa mstari alimwagiwa ndoo nzima kabla hajapata nafasi ya kueleza kwamba yu hai.

Mambo yalipotulia, Salaash alionyeshwa chanzo cha yote. Aliweka fimbo kando, akafunga shuka vizuri, akalala. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ua linalomlaza mchungaji chini," alisema, "si la kuchezea."

Efrazia alimlipa maziwa yote yaliyomwagika, na siku hiyo watu wakanywa chai ya rangi.

Siku chache baadaye, alfajiri, Efrazia alitoka kufagia uwanja akamkuta Dunstan amelala kifudifudi mkekani peke yake. Petali mbili zilikuwa zimeshaanguka, naye alikuwa anazipuliza taratibu kuondoa vumbi.

"Unafanya nini, baba Ritha?"

Dunstan hakugeuka. "Natafuta kifungo cha shati."

Alikuwa amevaa fulana. Efrazia alimtazama kidogo, akaegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani kubandika chai, amwache atafute.