Risasi Iliyopigwa Hewani

Masikio yangu yaliharibikia mgodini. Miaka ile baada ya vita nilikuwa nikifanya kazi ya baruti chini ya ardhi, upande wa Geita, na kila mlipuko uliondoka na kipande cha usikivu wangu. Nilipokuja kushtuka, watu wa nyumbani walikuwa wameshazoea kunipigia kelele kama wanaofukuza ndege shambani. Mama peke yake hakupiga kelele. Alinishika kidevu, akanigeuzia uso kwake, akasema alilotaka kusema.

Nilipopata likizo mama alikuwa ameniagiza mchi, maana wa kwake ulikuwa umepasuka, na karibu na mgodi palikuwa na fundi aliyechonga michi mizuri ya mninga. Nikapata mmoja mrefu, uliong'aa kwa mafuta, nikauweka begani nikashika njia ya nyumbani. Alasiri, nikiwa nimekaribia, nikamkuta maksai wa mama wa kulimia anazurura kando ya njia, kamba imekatika. Nikaanza kumswaga. Yeye mbele, mimi nyuma, mchi begani. Kila hatua chache aligeuka pembeni kung'ata majani, nami nikamtukana kidogo, kwa upole, kwa sababu ng'ombe wa mama hakutukanwa sana.

Mara nikaona maksai anapiga magoti, kisha analala.

Nikadhani ni ugonjwa. Nikachuchumaa, mchi nikaulaza mapajani, nikamfungua mdomo nimtazame ulimi. Ulimi ulikuwa mzima. Nikaona damu nyuma ya sikio. Nilipoinua kichwa, mbele yangu alisimama askari wa serikali, kaptura ya kaki, bunduki mikononi, jasho linamtiririka, midomo inacheza bila sauti.

"Sema kwa nguvu," nikamwambia. "Sisikii vizuri."

Akaja karibu. "Nimesema simama! Nimekupigia kelele tangu kule kwenye mti!"

"Mbona nimesimama? Na ng'ombe naye amesimama, mpaka amelala."

"Weka chini hiyo bunduki!"

Nikatazama kulia na kushoto niione bunduki. Niliyoiona ni ya kwake tu.

"Hiyo ya mapajani!"

Nikampa mchi. Akaupokea kwa mkono mmoja, ukamlemea, nusura umwangukie mguuni. Akaugeuza, akaichungulia ncha moja, akaichungulia na ya pili, anatafuta tundu. Hakuna tundu. Basi yule bwana akakaa chini majanini, akavua kofia, akajipangusa jasho. Aliniambia kwamba wametumwa kuwasaka wezi wa dhahabu, na wameambiwa wezi hao wana magobori. Akaniambia pia kwamba alipigana Burma, na kule mtu aliyeitwa asisimame hakuwa anaitwa mara ya pili.

Mama alisikia mlio, akaja mbio, na nyuma yake majirani na visu vyao, kwa sababu nyama haingoji. Yeye hakuanza na ng'ombe. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku, kisha akaniinua mkono. Shati langu lilikuwa na matundu mawili, moja mgongoni chini ya kwapa, jingine mbele. Ngozi yangu haikuguswa.

"Hili tundu ni la nini?"

"Labda mende, mama."

Akaingiza kidole huku kikatokea kule. Akanivua shati palepale, akalikunja, akalitia kwapani, nami nikaenda nyumbani kifua wazi. Jioni hiyo maksai alichunwa. Mama akaamuru askari naye akatiwe nyama, maana mtu hawezi kukaa kwako tangu alasiri bila kula. Akapewa maini, akayala yote.

Asubuhi tukaenda kwa mwanangwa, mkubwa wa kijiji chetu. Akasema kesi ya askari wa serikali ni nzito kuliko kiti chake. Tukaenda bomani. Kule mkubwa wa polisi, Mzungu mwekundu mwenye haraka, akatuambia askari ameshatoa maelezo: alipiga risasi hewani kutisha, ikamkuta ng'ombe kwa bahati mbaya. Serikali inasikitika, na serikali italeta ng'ombe mwingine. Mama akakataa.

Nikamnong'oneza, yaani nilidhani nanong'ona, boma zima lilinisikia: "Mama, chukua ng'ombe!"

"Nikichukua ng'ombe leo," akasema, "kesi itakuwa ya ng'ombe."

Akawa anarudi kila siku ya kazi. Alibeba viazi vyake, akakaa kwenye ngazi za ofisi, na kila aliyepita akamsalimia kwa adabu na kumuuliza habari za watoto, mpaka makarani wakaanza kupitia dirishani. Mwishowe Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, akasema kesi isikilizwe ili apate kuingia ofisini kwake kama watu wengine.

Askari akaletwa. "Ulipiga wapi?" akaulizwa.

"Hewani, bwana mkubwa."

Mama akasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisukuma sana lakini kilifika. "Bwana, ng'ombe wangu alikuwa anakula majani. Siku hiyo hakuwa anaruka."

Watu wakacheka. Bwana Shauri akajikuna shingo, akasema twende nje tuonyeshwe. Mimi nikapewa mchi na lile shati lenye matundu. Askari akapewa ufagio uwe bunduki. Akakosekana ng'ombe. Mama akamnyooshea kidole karani mkuu, mtu wa pwani, kanzu nyeupe pe, tarbushi nyekundu.

"Mimi?" karani akasema. "Mimi ni mtumishi wa serikali!"

"Na ng'ombe wangu alikuwa mtumishi," mama akasema. "Alilima kuliko wewe. Tafadhali, baba, inama."

Karani akamtazama Bwana Shauri. Bwana Shauri akatazama mawingu. Karani akakunja kanzu, akainama mikono na magoti vumbini, akisoma kitu kimoyomoyo. Mama akaona haitoshi: "Kichwa kando, baba. Alikuwa anang'ata." Karani akageuza kichwa. Watu walicheka hadi wengine wakashikana mabega. Nami nikaanza kumswaga, mchi begani.

Sikusikia askari alipoambiwa aanze. Niliona tu kwamba watu mbele yangu wameacha kucheka, wote kwa mara moja. Nikageuka. Askari alikuwa amepiga goti moja, ufagio begani, jicho limefumba nusu, na ncha ya ufagio imetulia sawasawa kati ya mabega yangu. Mwili wake ulikuwa unafanya kazi unayoijua. Alipoona nimegeuka, akashtuka, akataka kuuinua juu. Ameshachelewa.

"Hapo ndipo hewani?" Bwana Shauri akauliza polepole.

Askari akaweka ufagio chini. Alinitazama mimi, akanyanyua sauti nisikie. "Sikupiga hewani. Nililenga mtu. Nilidhani ana bunduki, na nililenga mgongo."

Karani alikuwa bado yuko chini, amesahau kunyanyuka. Nilihisi baridi chini ya kwapa, kwenye lile tundu, nikaingiza kidole mle kama alivyofanya mama siku ya risasi.

"Mwandike hivyo," mama akasema. "Hivyo alivyosema."

Ikaandikwa hivyo. Askari akavuliwa utepe wa mkononi, akanyang'anywa bunduki, akapewa rungu, akapelekwa kulinda bustani ya mboga ya jela. Mkubwa wa polisi aliyekubali yale maelezo ya kwanza aliandikiwa na wakubwa wake huko juu. Walimwambia nini sikuwahi kujua, ila alipunguza haraka. Ng'ombe wa serikali alikuja baadaye, mvivu kupita kiasi, na mama hakuwahi kumsifia.

Karani hakutusemesha tena. Lakini yule askari siku moja alikuja kwetu kwa miguu, bila sare, amebeba kabichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Za bustani?"

"Nzuri. Kule hakuna anayekimbia."

Mama akacheka kwanza, ndipo akampokea kabichi. Akamkaribisha kiti, akamuuliza kama ana mke. Hana. Akamuuliza kwao ni wapi na kama mama yake yu hai. Alipoambiwa yu hai, akaniamuru nikachinje kuku.