Ufunguo Shingoni mwa Fundi Grisi

Kila nchi niliyopita, majirani wa kituo cha kufuatilia vyombo vya angani huibatiza ile kuba nyeupe jina lao: yai, uyoga, kipara. Fundi Grisi, mwanamke wa makamo mwenye mikono myeusi mpaka viwikoni, huiita "ofisini kwangu". Ndani yake mna dishi kubwa kuliko nyumba, naye hupaka grisi meno ya gurudumu linaloligeuza.

Sheria ya humo ni moja. Anayepanda huchomoa ufunguo wa mtambo chumba cha chini, akauvaa shingoni. Bila ufunguo, dishi haliendi.

Chumba hicho hukaa mdogo wake wa tumbo moja, mwendesha dishi, ambaye Fundi Grisi mwenyewe alimlea, akamsomesha, akamwombea kazi hapohapo.

Asubuhi moja Fundi Grisi alikuwa amezamisha mkono kati ya meno, chuma kikanguruma. Dishi likaanza kugeuka. Alijirusha nyuma, mkono wa ovaroli ukabaki mle, umesagwa. Akapapasa shingoni. Ufunguo upo.

Alishuka ngazi.

"Dada! Nilidhani umeshamaliza," mdogo wake alisema, macho kwenye skrini.

"Umewashaje?"

Mdogo wake akatoa mfukoni ufunguo wa pili, unang'aa.

"Nilichongesha mwaka juzi. Wewe unachelewa, dada, na chombo kikishazama upeoni kimezama. Wakubwa hawataki visingizio."

"Mwaka juzi. Kwa hiyo muda wote huo navaa kidani."

"Usikuze mambo bwana. Si huwa naangalia kamera kwanza?"

"Na leo?"

Akakuna kichwa. "Leo chombo kilikuwa kinapita."

Fundi Grisi hakumshtaki. "Nimshtaki huyu niliyembeba mgongoni?" aliniuliza, kama vile mimi ndiye niliyechongesha. Mdogo mtu alimkabidhi ule wa pili, akaapa kwa jina la mama yao. Sasa dada mtu anavaa funguo zote mbili, zinagongana akitembea.

"Na wa tatu ukoje, mzuri?" humtania kila asubuhi. Mdogo mtu hacheki.

Siku niliyowatembelea, Fundi Grisi alisimama chini ya ngazi na kopo lake la grisi, hakupanda.

"Tangulia, baba."

Mdogo wake akaacha skrini zake, akapanda, chumba cha chini kikabaki hakina mtu. Nilichungulia kutoka mlangoni mwa kuba. Dada mtu alimfuata juu, akamwonyesha pa kukaa, akamsogeza kwa kiganja mpaka bega lake likagusa meno ya gurudumu.

"Hapo hapo," alisema, akafungua kopo.