Meno Mawili ya Binti Yangu

Binti yangu alizaliwa na meno mawili ya chini, na siku ya kwanza tu akaniuma mpaka nikatoka damu. Mimi nilikuwa mtu wa hasira za karibu. Nilimtukana mtoto wa saa sita kama mtu mzima. Nesi pale hospitali ya Nyeri alicheka, akavaa glavu, akayatikisa.

"Hii meno haijalegea," akasema. "Wachana nayo. Ikianza kucheza, mlete tuitoe hapa. Na usikubali mtu aitoe nyumbani. Mtoto mdogo hivi, damu yake haijui kuganda vizuri."

Nikarudi Mukurweini na maneno hayo na chuchu zilizochanika. Kila nikimnyonyesha niliuma blanketi nisipige mayowe. Mume wangu alikuwa Naro Moru akiwabebea wazungu mizigo ya kupanda mlima, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi, mtoto na mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mtu wa kanisa kutoka unyayo hadi utosi. Lakini kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, wala si jina tu: mtoto ndiye yeye, amezaliwa tena. Na hapo zamani mtoto wa meno alihesabiwa kuwa mkosi. Basi mama huyu akayatazama yale meno akaona ni yake mwenyewe, aibu yake imeanikwa mchana kweupe.

"Huyu ni mimi," aliniambia. "Ati watu wakuje kuniona, wapate niko na meno ya kuuma watu? Hapana."

"Nesi alisema tusiguse, mama."

"Kwani mtoto amepewa jina ya nesi?"

Siku zote hizo alikuwa amenikataza hata kuinua sufuria. Asubuhi ya siku ya sita akaniambia nikamkatie ng'ombe majani, eti ninyooshe mgongo. Nikaenda, mjinga mimi. Sikuwa nimemaliza hata mzigo mmoja niliposikia kilio. Kilio cha njaa nilikuwa nimeshakijua, na hiki hakikuwa cha njaa.

Nilimkuta mama mkwe amemlaza mtoto chali kitandani, amembana kichwa kwa magoti, na mkononi ana waya wa gurudumu la baiskeli, umenolewa ncha. Jino moja lilikuwa juu ya kitambaa. La pili lilikuwa linaning'inia. Damu ilikuwa imejaa mdomo, imeteremka shingoni, imelowesha sweta aliyoifuma yeye mwenyewe.

Panga la majani nilikuwa nalo bado. Namshukuru Mungu niligeuza ubapa. Nilimpiga begani akaanguka sakafuni. Nikampiga mgongoni, nikampiga kichwani, nikausikia mkono wake ukivunjika alipoukinga uso. Nilimpiga mateke. Nilimwita mchawi, nilimwita mbwa. Na niseme kweli, nilisikia raha. Hasira ya siku sita za kuumwa, na ya ndoa nzima, yote niliimalizia pale. Hakupiga kelele. Aliinuka, akajivuta kuelekea kitandani, nami nikadhani anataka kummalizia mtoto, nikampiga zaidi.

Pikapu ya maziwa ndiyo iliyotupeleka hospitali. Damu ilikataa kuganda mpaka sindano ya pili. Nesi yuleyule akalitoa lile jino lililoning'inia, akamtazama mama mkwe na mkono wake uliovimba, kisha akanitazama mimi.

"Na damu yote hiyo," akauliza, "ilikuwaje huyu mtoto hakusongwa? Angeachwa amelala chali, mngekuwa mmeniletea maiti."

Ni mama mkwe aliyekuwa amemgeuza mtoto kifudifudi kwa mkono uliobaki mzima, akamtoa damu kooni kwa kidole, akakibana kitambaa kwenye ufizi. Mimi nilikuwa nyuma yake, bado nampiga.