Karte Iliyofufuliwa kwa Biki

Geuza uso kushoto. Geuza uso kulia. Fumba macho, fumbua. Nilitii amri hizo za simu mara nyingi hivi kwamba mama jirani, aliyekuwa akinichungulia juu ya ukuta wetu wa mawe meusi, aliniuliza kama nimehamia kanisa jipya. Nilimjibu kwamba ndiyo, na kwamba Mungu wa huko hasikii.

Benki zilipofunga milango hapa Goma kwa sababu ya vita, kila mtu alijitafutia tundu lake la kupitishia pesa. Langu lilikuwa akaunti ya sarafu za mtandaoni. Kazi yangu ni kusikiliza sauti za watu zilizorekodiwa, za Kiswahili na Kinyarwanda, na kuziandika kwa ajili ya kampuni moja ya ng'ambo. Walinilipa dola zisizoshikika, zikaingia kwenye akaunti, nami nikizihitaji nilimuuzia kambisti, mbadilisha pesa wa barabara ya Munigi, akanipa noti. Mambo yalikwenda vizuri mpaka asubuhi moja akaunti iliponitaka nijitambulishe upya, kwa uso na kwa hati. Nilipiga picha karte yangu ya uchaguzi, nikaituma. Jibu lilirudi kabla sijaweka simu chini: hati imebadilishwa, akaunti imefungwa.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba walisema kweli. Asiyeishi huku itabidi nimweleze. Karte ya uchaguzi ndiyo kitambulisho chetu, wengi wetu hatuna kingine, na hizi za mwisho zilichapishwa kwa wino ulioona aibu kukaa. Zilianza kufifia mifukoni mwetu. Kwanza tarehe, kisha majina, kisha uso wenyewe. Basi watu wakachukua kalamu za biki na kupita juu ya kila herufi kabla haijapotea kabisa. Askari wa vizuizini hawakuwa na neno. Muuza laini za simu hakuwa na neno. Kwetu mtu mwenye karte iliyoandikwa upya ni mtu makini, anayetunza vitu vyake.

Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa ya baba. Alifundisha shule ya msingi kwenye vilima vya Masisi hadi tulipokimbia, na mwandiko wake bado ulikuwa wa ubaoni, wima na bila haraka. Alikaa mlangoni penye mwanga, akazifufua karte za ukoo mzima. Yangu aliifanya kwa mapenzi ya ziada. Alipoona picha nayo inaondoka, akanichorea nyusi. Nilicheka sana siku ile. Tenda wema wende zako, walisema wahenga. Baba hakwenda zake, aliongeza na nyusi.

Na pesa iliyofungiwa ilikuwa ya jicho lake. Baba ana presha ya macho. La kushoto lilikwisha zimika. La kulia, daktari alisema, linaweza kuokolewa akipasuliwa mapema, ila kile kitakachopotea kabla ya hapo hakitarudi. Nilikuwa nimeweka akiba yote kwenye akaunti ile kwa sababu noti ndani ya nyumba huita wezi, na wezi wa hapa huja na bunduki. Sasa nilikuwa na pesa ya kumpasua na sikuweza kuigusa. Kila wiki nilimwona akisogeza kiti karibu zaidi na mlango.

Niliandikia huduma kwa wateja. Mpendwa mteja, walinijibu, na mpendwa mteja tena. Jaribu kumweleza mtu aliyeko mbali kwamba biki ile si udanganyifu, ni baba! Wakataka pasipoti. Ofisi ya pasipoti ilinielekeza kwingine, na huko kwingine wakanielekeza nilikotoka. Kwenye ofisi ya uchaguzi, kwa wale wa karte, niliambiwa kadi mpya hazitoki kwa sasa, nikapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba ya zamani imeharibika. Akaunti ikasema haitambui karatasi. Binamu yangu akashauri nitafute mtu wa kuniuzia uso wake na karte inayosomeka, ajitambulishe badala yangu, wapo wanaofanya hivyo. Nilikataa, na si kwa ucha Mungu. Nilijua wakinikamata mlango utafungwa moja kwa moja. Nilichoka. Sijui neno lingine. Nilichoka hata kukasirika kukawa kazi.

"Rezo imerudi?" baba aliniuliza kila nilipoweka simu chini.

"Bado, papa."

Nilikuwa nimemdanganya kwamba tatizo ni mtandao, na aliniamini bila shida, maana hapa Goma mtandao hubebeshwa makosa ya kila mtu.

Siku moja mchana nilikuwa nafua uani, naongea na dada yangu aliyeko Kampala. Aliuliza tena kwa nini pesa haitoki, kana kwamba nimeikalia. Nikapandisha sauti: "Ni biki ya papa ndiyo ilifunga akaunti! Unataka nikwambie nini ingine?" Nilidhani baba amelala.

Kesho yake nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mlangoni, kwenye kiti chake. Mapajani alikuwa na pamba na chupa ya alkoli ya kusafishia vidonda.

"Mama, kuja hapa," aliniita. Mimi binti yake huniita mama tangu nizaliwe. "Jana nilisikia. Juu ya nini haukuniambia?"

"Sikutaka uumie, papa."

"Mi niko mwalimu. Mwalimu akikosea ku tablo, anafuta." Alininyooshea karte yangu. "Nimesugua biki yote, polepole. Angalia kama iko safi. Sasa batafungua?"

Niliipokea. Ilikuwa nyeupe pande zote. Biki ilikuwa imeondoka, na kile kidogo cha chini yake kiliondoka nayo: jina, namba, tarehe, uso. Nilifungua mdomo nimpigie kelele. Lakini vidole vyake vilikuwa vya buluu mpaka kwenye kucha, na macho yake yalikuwa yananingojea upande ambao sikuwa nimesimama.

"Iko safi, papa," nikasema. "Hakuna hata alama moja."

"Basi tuma sasa, mbele rezo haijakatika."

Nikaiweka ile kadi nyeupe juu ya goti lake, nikainamisha simu, nikaipiga picha, ili asikie mlio wa kamera.