Viini Mia Tatu

Yule mama anayetoa sumu kwenye mbegu za kanjiram, mti wa Kihindi wa dawa ya magoti, pale kwa Tabibu Vasudevan, hanywi chai ya maziwa. Miaka ishirini amezichemsha mbegu hizo kwenye maziwa ya ng'ombe, kisha akayafukia maziwa shimoni ili hata paka asiyaonje. Mbegu ikilainika huimenya, huipasua kwa ukucha wa dole gumba na kutoa kiini chembamba kilichomo, maana mbegu ikibaki nacho, sumu yake humkakamaza mtu hadi mgongo ukapinda. Viini huvipanga kumi kumi juu ya jani la mgomba. Mbegu mia tatu, viini mia tatu. Wiki iliyopita alihesabu mia mbili tisini na tisa, nami msagaji, kwa haraka zangu, nilikuwa nimeshazisaga mbegu zote.

"Dada, kimoja tu!" tabibu alilalamika. "Wagonjwa wa magoti wamejaa barazani."

"Basi anza wewe kulamba, bwana tabibu. Tukikuona jioni bado unatembea, tutawapa na wao."

Mama akaumwaga unga wote shimoni, akafukia, akakanyagakanyaga. Alipoinama kunawa mikono, nikakiona kiini kimemnata nyuma ya kiwiko. Nikamwonyesha. Tabibu akashika kichwa. Mama akakibandua taratibu, akakiweka kwenye jani pamoja na wenzake.

"Mia tatu," alisema, akaenda kuloweka mbegu nyingine.