Bamurange, fundi wa makovu ya magari mjini Buffalo

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, Bamurange Byamungu amepiga magoti juu ya kigodoro nje ya nyumba yake, mtaa wa East Side, mjini Buffalo. Mbele yake kuna gari jeupe. Mkononi ana kijiti cha meno chenye tone la rangi. Anavuta pumzi, anaibana, kisha analidondosha tone hilo ndani ya kitundu kidogo kuliko punje ya mtama.

"Usiniongeleshe kwanza," anasema bila kuinua macho. Kitundu kinapojaa, ndipo anapocheka. "Bon, haya, sasa uliza."

Vitundu hivyo huchimbwa na kokoto zinazorushwa na magari barabarani. Hapa chumvi humwagwa njiani majira yote ya baridi, na kitundu kikipuuzwa, kutu huanza kula chuma.

Bamurange, mwenye umri wa miaka 43, alifika Buffalo mwaka 2011 akitokea mashariki ya Kongo kupitia kambi ya wakimbizi. Siku za kazi huhudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Ufundi huu aliuanzia kwenye gari lake mwenyewe, baada ya gereji moja kumtajia dola 600 kwa boneti tu.

"Nikasema, 600? Nitafanya mwenyewe," anakumbuka. Alitazama video mtandaoni, akanunua msasa, akasugua kwa nguvu zote. Kitundu kimoja kikawa baka la ukubwa wa kiganja. "Nililia. Kanisani banaume balicheka: angalia gari ya Mama Bamurange, iko na ukoma!"

Hakuacha. Kwa mwaka mzima alijifunza juu ya boneti hiyo hiyo: kusafisha mafuta, kuondoa kutu bila kugusa rangi nzima, kupaka tabaka jembamba na kusubiri likauke, kisha kumalizia kwa vanishi na msasa laini wenye maji. Leo walewale waliomcheka humletea magari yao.

Lakini kazi anayoisimulia kwa fahari kuliko zote ni ya mwaka jana. Walter Pietrzak, mzee wa miaka 78 aliyestaafu kazi ya kiwanda cha chuma katika mji jirani wa Lackawanna, alimletea gari la bluu la marehemu mkewe. Mtu asiyejulikana alikuwa ameukwaruza mlango kwa ufunguo, mstari mrefu kama mkono. Gereji mbili zilitaka kuupaka rangi upya mlango mzima.

"Sikutaka," Walter ananiambia. "Rangi ile mke wangu aliichagua mwenyewe."

Bamurange alinunua rangi yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango. Siku ya tatu alisogea nyuma kutazama. Mstari ulionekana, bluu iliyokoza juu ya bluu iliyopauka. Jua la miaka kumi na minane lilikuwa limeibadilisha rangi ya gari.

Mumewe, Sylveri, alimshauri alirudishe hivyo hivyo. "Nilimwambia, yule ni mzee, macho yake hayaoni vizuri," anakiri Sylveri, akicheka kwa aibu. "Akanijibu: 'Mi naona.'"

Alimpigia Walter simu, akamweleza kwa Kiingereza chake cha kukatakata kwamba amekosea na anaomba wiki moja. Aliifuta rangi yote aliyokuwa ameipaka. Kisha akaanza kuchanganya, akijaribia juu ya mfuniko wa kopo la maziwa na kuuweka juani kando ya mlango. Mchanganyiko wa saba ndio ambao jicho halikuutofautisha na rangi ya mlango, na huo ndio alioujazia mkwaruzo.

Walter alipokuja, aliuzunguka mlango, akavua miwani, akaivaa tena, akapitisha vidole polepole kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mkwaruzo ulikuwa wapi?" akauliza.

"Nilimwambia atafute mwenyewe," anasema Bamurange. "Mi nilijua bien, vizuri kabisa, nafasi yake."

Mzee akamwambia kwamba kiwandani kwao kazi nzuri ilijulikana kwa jina la aliyeifanya. Akamtolea kijitabu cha matengenezo ya gari, akamwomba aandike jina lake. Bamurange aliandika kwa herufi kubwa, chini ya mihuri ya gereji.

Wiki iliyofuata wazee wawili wa Lackawanna, wenzake Walter, walimpigia Bamurange simu.

Sasa hutengeneza magari matatu au manne kwa wiki. Tatizo ni baridi. Kuanzia Novemba hadi Aprili rangi haikauki nje, na kazi husimama. Amepata gereji ndogo ya kupanga yenye kipasha joto, na anatarajia kuhamia humo kabla ya theluji pamoja na akina mama wawili wa kanisani anaowafundisha.

"Donc, kwa hiyo watu banazoea kuniona kiangazi tu," anasema, akifuta vidole vyake kwa kitambaa. "Mwaka huu theluji ianguke inavyotaka. Mi nitakuwa ndani, napaka."